Mji wa Kulelea Watoto Unapimwa Kutoka Wapi?

Watoto walikuwa wamelala. Mume wangu alitandaza ramani mezani, akaenda jikoni, akarudi na bakuli. Akaligeuza kifudifudi, akahakikisha kituo kikuu cha treni cha jiji kimekaa katikati yake, kisha akapitisha penseli ukingoni.

"Ndani ya hili duara," akasema, "tunachagua popote."

Lilikuwa duara zuri. Miji midogo kadhaa iliangukia ndani, mingine ikabaki nje. Ule niliokuwa nikiuota, wenye mto na miti mingi, ulikuwa nje kidogo ya mstari. Nikamwomba alisogeze bakuli. Akacheka, akalisogeza.

Tulilala tumeridhika. Lakini kuna jambo lilikataa kuniachia, likawa linanifuata wiki nzima, na wiki iliyofuata, na iliyofuata. Nikiwa kwenye foleni lipo. Nikiosha vyombo lipo. Nilichelewa kulitambua kwa sababu lilikuwa dogo mno: tulikuwa tunahama kwa ajili ya watoto, na pale kwenye ramani hapakuwa na alama hata moja iliyowahusu.

Katikati ya duara palikuwa na ofisi zetu.

Dakika arobaini za nani?

Anayetafuta nyumba nje ya jiji kubwa hukutana kwanza na dakika. Kila tangazo lina dakika zake. Dalali anazitaja bila kupepesa jicho, na mara nyingi wala hadanganyi: treni kweli inatumia dakika arobaini, kituo hadi kituo. Ila mimi siishi kituoni, na ofisi yangu haiko kwenye jukwaa la abiria.

Nikaiandika safari nzima kuanzia kufunga mlango wa nyumba. Kutembea hadi kituoni, au kuendesha na kutafuta pa kuegesha. Kusubiri. Treni. Kubadili usafiri mjini. Foleni ya lifti. Zile arobaini zikafika sabini na kitu kabla sijakaa kwenye kiti, na hapo nimeweka siku njema.

Mwaka 1994 mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, aliandika hoja inayojulikana sana kwa watu wa mipango miji. Akitegemea kazi ya Yacov Zahavi, alisema binadamu wa kila zama hutumia wastani wa saa moja hivi kwa siku akiwa njiani, kwenda na kurudi. Alipokuwa na miguu tu, mji wake ulikuwa mdogo. Alipopata reli na gari, hakubaki na muda wa ziada. Alihamia mbali zaidi, saa ikabaki ileile. Wapo wanaoibishia hoja hiyo, lakini mimi ilinichoma kwa sababu ndicho hasa tulichokuwa tukifanya pale mezani. Hatukuuliza treni ya kasi itaturudishia muda gani. Tuliuliza itatuwezesha kwenda mbali kiasi gani.

Nikaacha kuuliza safari inachukua muda gani, nikaanza kuuliza siku ikiharibika, inaharibika kwa kiasi gani. Hapo ndipo miji inayofanana kwenye matangazo inapoanza kuachana. Mji wenye treni kila dakika kumi na mji wenye treni moja kwa saa unaweza kutangazwa kwa dakika arobaini zilezile. Kule kwa kwanza, kikao kikirefuka umechelewa kidogo. Kule kwa pili umekuta watoto wamelala. Ukijua hivyo, unaanza kukimbia vikao, unaangalia saa huku mwenzako anazungumza, unaondoka mapema kila siku kwa kuogopa jambo linalotokea mara moja moja. Hiyo hofu nayo ni muda, na hakuna tangazo linaloihesabu.

Kisha kuna miji iliyofungwa kwa kamba moja. Reli ni moja, barabara kuu ni moja. Mti ukianguka, mji mzima umekwama.

Nilifuta miwili ya namna hiyo kwenye orodha yetu. Ule wa mtoni ulikuwa mmoja wao. Niliufuta kwa mkono mzito.

Chumba kinazoeleka, foleni haizoeleki

Kuna hoja ya kiuchumi ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaona imemaliza ubishi. Inasema hakuna anayekubali safari ndefu bure. Anayekaa mbali analipwa kwa njia nyingine: kodi nafuu, nyumba kubwa, hewa safi, au mshahara mzuri wa jijini. Kwa hiyo ukiwapima watu kuridhika kwao na maisha, wa mbali na wa karibu wangepaswa kuwa sawa.

Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey, wa Zurich, walilipima jambo hilo kwa takwimu za kaya za Ujerumani zilizokusanywa kwa miaka mingi. Hawakuwa sawa. Kadiri safari ilivyokuwa ndefu, ndivyo kuridhika kulivyopungua, pamoja na nafuu zote walizopata. Katika andiko lao la mwaka 2004 walikadiria kwamba mtu anayesafiri dakika 23 kwenda tu, ukimlinganisha na asiyesafiri kabisa, angehitaji nyongeza ya karibu asilimia 19 ya mshahara ili afidiwe. Mwaka huohuo Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 909 wenye ajira huko Texas, walioombwa kusimulia siku yao kipande kwa kipande na hisia zao katika kila kipande. Safari ya asubuhi kwenda kazini ilikuwa chini kabisa.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mtu huzoea vitu vinavyokaa vilevile. Chumba cha ziada kinakufurahisha, halafu kinakuwa chumba tu. Foleni haikupi nafasi ya kuizoea kwa sababu leo ni lori limepinduka, kesho ni mvua, keshokutwa ni treni iliyofutwa bila tangazo.

Nilimsomea mume wangu haya yote nikidhani nimeshinda.

"Lakini hao waliulizwa wao," akasema. "Watoto wao waliulizwa?"

Nikakosa jibu, na bado nadhani swali lake lina uzito. Mzazi anaweza kuwa amechoka na mtoto wake akawa na furaha. Mtu anahamia mbali akijua kabisa atateseka barabarani, ili mwanawe apate uwanja wa kuchezea na usiku usio na honi. Kumwambia mtu huyo kwamba kuridhika kwake kumeshuka ni kumwambia kitu alichokwisha kukilipia kwa makusudi.

Kwa hiyo swali halikuwa kama sisi tutaumia. Swali lilikuwa kama hayo maumivu yanamfikia mtoto kama zawadi, au yanamfikia kama maumivu tu.

Simu ya saa nne asubuhi

Jibu lilinijia ofisini, na halikutoka kwenye utafiti.

Mwenzetu mmoja anayekaa mbali alipigiwa simu na shule. Mtoto ana homa, anatapika, aje achukuliwe. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Akaweka simu chini, akatazama saa ya ukutani, na nikamwona midomo inacheza: anahesabu. Treni iliyopita, treni ijayo, kubadili, kutembea. Mume wake alikuwa jijini pia, upande mwingine. Akaanza kupiga simu kwa mtu mmoja baada ya mwingine akitafuta yeyote aliye karibu na shule. Alipoondoka alikuwa bado hajampata.

Jioni nikamuuliza mume wangu, "Shule ikipiga simu saa nne, nani anafika?"

"Mmoja wetu."

"Yupi?"

Akanyamaza. Nami nikanyamaza, kwa sababu sote tulijua jibu ambalo hakuna aliyekuwa amelitamka. Ramani yetu ilikuwa imeniachisha kazi kimyakimya. Si leo, si kwa barua. Ingeanza na ruhusa ya nusu siku, kisha majukumu mepesi, kisha kazi ndogo iliyo karibu na nyumbani "kwa muda tu".

Mtafiti Erika Sandow wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, amefuatilia jambo hili kwa takwimu za nchi nzima. Aligundua kwamba wenzi ambao mmoja wao ana safari ndefu ya kazi walikuwa na hatari ya kuachana iliyozidi ya wengine kwa asilimia 40, na kwamba miaka ya mwanzo ndiyo migumu zaidi. Lakini kilichonigusa kuliko hiyo takwimu ni mgawanyo aliouonyesha. Wasafiri wa mbali wengi ni wanaume, kipato chao kinapanda, na wenzi wao wanabaki kubeba watoto na nyumba, mara nyingi kwa kuchukua kazi za karibu zenye malipo madogo au za muda mfupi. Na hiyo ni Sweden, nchi inayosifiwa kwa usawa wa wazazi.

Sisemi kwamba mzazi mmoja kubaki karibu ni kosa. Kuna nyumba ambako huo ndio uamuzi bora, na umefanywa kwa macho wazi. Ninachokikataa ni uamuzi huo kufanywa na bakuli.

Tulikaa kwenye mazungumzo hayo usiku kadhaa. Hayakuwa mazuri yote. Mume wangu alisema kitu ambacho sikukitarajia: kwamba yeye naye hakuwa ameulizwa kama anataka kuwa baba wa Jumamosi. Baba yake alikuwa hivyo, akirudi wakiwa wamelala na kuondoka kabla hawajaamka, na mpaka leo mazungumzo yao ni ya heshima tu. Nilikuwa nimemfikiria kama anayefaidika na ramani ile. Kumbe ilikuwa imemwondoa nyumbani kwa namna yake.

Mji usio na watu wazima mchana

Baada ya hapo tulianza kutembelea miji siku za kazi. Nampa ushauri huu yeyote anayetafuta: usiende Jumapili. Jumapili kila mji ni mzuri, baba wanasukuma watoto kwenye baiskeli na bustani imejaa. Nenda Jumanne saa tano asubuhi.

Kuna mji mmoja tulifika mida hiyo tukatembea mitaa mitatu bila kukutana na mtu mzima. Nyumba nzuri, maua yametunzwa, mapazia yamefungwa. Wote walikuwa wamepanda treni. Nikakumbuka ile midomo ya mwenzangu ikihesabu. Hata angekuwa na majirani ishirini, wote wangekuwa wanahesabu treni ileile.

Robert Putnam, aliyeandika mwaka 2000 juu ya kudhoofika kwa maisha ya kijumuiya Marekani, alikadiria kwamba kila dakika kumi za ziada za safari ya kazi kwa siku hupunguza ushiriki wa mtu katika mambo ya jumuiya yake kwa karibu asilimia 10. Ukiwa umesoma hilo tu linabaki namba. Ukisimama kwenye mtaa mtupu unalielewa. Kamati ya wazazi inakutana saa kumi na moja jioni, nani atakuwepo? Afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali, sawa, lakini jirani naye yuko mbali.

Inashangaza kwamba waliobuni miji ya kwanza ya bustani hawakuitaka hivi. Ebenezer Howard, Mwingereza aliyeandika mwishoni mwa karne ya 19, aliwaza mji wa watu kama 32,000 wenye viwanda vyake, mashamba yake, shule zake na ajira zake, ili mtu asihitaji kwenda London kila asubuhi. Letchworth ilianza kujengwa mwaka 1903, na Welwyn Garden City mwaka 1920. Leo miji yote miwili iko kwenye reli iendayo London na ina wasafiri wengi wa kila siku. Miti imebaki.

Kwa hiyo kwenye karatasi yangu niliongeza swali: mji huu una kazi zake wenyewe? Hospitali, chuo, soko kubwa, karakana, ofisi za serikali za mitaa, chochote kinachowabakiza watu wazima mchana. Hata kama si sisi tutakaofanya kazi hizo. Mtoto wangu anahitaji kuishi mahali ambapo mtu fulani mzima yupo.

Miguu ya mtoto

Mwaka 1971 nchini Uingereza, watoto wanane kati ya kumi wa miaka 7 na 8 walikwenda shule bila mtu mzima. Kufikia mwaka 1990 walikuwa asilimia 9. Takwimu hizi ni za Mayer Hillman na wenzake, na nimezirudia mara nyingi mno kwa marafiki kiasi kwamba wamenichoka. Shule hazikuwa zimehama. Magari yaliongezeka, wazazi wakaogopa, na kwa kuogopa wakaanza kuwapeleka watoto kwa magari.

Kabla ya hapo, Donald Appleyard alikuwa amewahoji wakazi wa mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana isipokuwa kwa wingi wa magari. Kwenye mtaa wa magari kama 2,000 kwa siku, mkazi alikuwa na wastani wa marafiki watatu mtaani kwake. Kwenye mtaa wa magari 16,000, hakufikisha hata mmoja.

Haya mambo ya watafiti yaligeuza kabisa namna tulivyotazama viunga vipya vilivyoko pembezoni mwa miji tuliyoitembelea. Vinavutia. Nyumba mpya, ua mpana, barabara ya lami. Kisha unauliza shule iko wapi, na dalali anasema, "Kwa gari ni dakika kumi." Maktaba? Kwa gari. Rafiki wa mtoto? Kwa gari. Uwanja wa mpira? Kwa gari. Mzazi aliyekwisha kusafiri saa mbili kwa siku anarudi nyumbani kuanza udereva wa zamu ya pili.

Na mtoto mwenyewe anakuwa mzigo wa kubebwa mpaka apate leseni.

Mtoto wetu mkubwa ana umri ambao uhuru ni duka la jirani. Anataka kutumwa. Anataka kuvuka barabara peke yake na kurudi na chenji kamili. Nyumba ambayo haiwezi kumpa hilo, hata iwe na vyumba vitano, naiona ndogo. Waliosema nyumba njema si mlango walitushauri tuingie ndani. Mimi nimejifunza pia kutoka nje na kutembea kwa mwendo wa mtoto hadi shuleni, nikihesabu mahali pa kuvuka.

Kwenye mji mmoja nilifanya hivyo nikamaliza kwa hasira. Shule ilionekana dirishani. Katikati palikuwa na barabara ya malori isiyo na kivuko.

Mtoto wa miaka mitatu hakai na miaka mitatu

Kosa la wengi wanaohama, na nimelisikia kwa waliotutangulia, ni kumchagulia mji mtoto waliye naye siku hiyo. Wa miaka mitatu anahitaji nyasi, mchanga na mzazi asiye na haraka. Karibu mji wowote mdogo utamfaa. Wa miaka kumi na minne anahitaji basi la jioni, marafiki wa aina yake, mahali pa kwenda pasipohitaji ruhusa ya gari la baba. Kuna miji ambayo ni pepo ya wadogo na kifungo cha vijana. Na kijana ndiye atakayekaa na wewe miaka ya mwisho, ile ambayo kuzungumza naye ni vigumu zaidi.

Umri una jambo lingine. Marekani, katika miaka ya 1990, familia za miji mitano zilizoishi kwenye makazi ya umaskini mkubwa ziliingizwa kwenye jaribio: baadhi, kwa bahati nasibu, zilisaidiwa kuhamia maeneo yenye umaskini mdogo. Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz walipowafuatilia watoto hao miaka mingi baadaye, waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao ambao familia zao hazikusaidiwa kwa asilimia 31 walipofikia katikati ya miaka ya ishirini. Waliohamishwa wakiwa wakubwa zaidi hawakufaidika, pengine walipoteza kidogo. Familia yangu haitoki kwenye umaskini wa namna ile, na sitaki kujivika hoja isiyo yangu. Lakini sehemu moja inatuhusu wote: kuhama kunamkata mtoto na watu wake, na kadiri anavyokua ndivyo hasara hiyo inavyokaribia kuzidi faida.

Hilo lilitusukuma tuharakishe. Na kuharakisha, ndipo likaja shaka jipya.

Magharibi ya Tokyo kuna Tama, mji mpya uliojengwa kwa mpango mkubwa. Wakazi wa kwanza waliingia mwaka 1971, familia changa kwa maelfu, zote na watoto wadogo, zote zikimtegemea baba anayepanda treni kwenda Tokyo. Shule zilijengwa nyingi kwa sababu watoto walikuwa wengi. Kisha watoto wote wakakua kwa pamoja, wakaondoka kwa pamoja, na wazazi wakazeeka kwa pamoja. Shule zikafungwa. Maghorofa yasiyo na lifti, yaliyojengwa kwa ajili ya miguu ya vijana, yakawa na wazee juu na ngazi chini.

Niliposoma habari za Tama nilielewa kilichokuwa kikinitia wasiwasi kwenye viunga vipya, mbali na magari. Kila mtu pale alikuwa ni sisi. Umri wetu, watoto wa umri wetu, mkopo wa umri wetu. Inafariji mwaka wa kwanza. Lakini mtoto anayekulia mahali pasipo na bibi wa mtu, pasipo na fundi viatu mzee, pasipo na kijana wa miaka ishirini wa kumwonea wivu, anajifunza kwamba dunia ina watu wa aina mbili tu, watoto na wazazi waliochoka.

Siku za kufanya kazi nyumbani

Hapa nitakuwa mfupi. Tangu mwaka 2020 wengi wetu tumechagua mji kwa kuhesabu siku mbili tu za kwenda ofisini. Hesabu hiyo ni tamu sana, safari ya saa moja na nusu inageuka kuwa kitu kinachovumilika. Ila kwa wengi wetu ruhusa hiyo iko kwenye barua pepe ya bosi, haiko kwenye mkataba, na bosi hubadilika. Tulipiga hesabu zetu kwa siku tano. Miji iliyoshindwa kwa siku tano tuliiacha. Kama siku mbili zitabaki, tutazipokea kwa mikono miwili.

Tulipofikia

Ramani ilirudi mezani. Safari hii hapakuwa na bakuli. Tulianza kuweka alama kwenye shule, tukatazama kinachofikika kwa miguu kutoka hapo, kisha nani kati yetu anaweza kufika ndani ya nusu saa siku yoyote ya wiki. Hilo la mwisho lilifuta karibu kila kitu. Lilitulazimisha kukubali kwamba hatuwezi wote wawili kufanya kazi katikati ya jiji na kuishi mbali. Mmoja asogee. Na baada ya usiku mwingine usio mzuri, tuliamua tuombe wote wawili, halafu atakayepata kwanza ndiye.

Mji tuliouchagua hauna mto. Uko kwenye reli kuu, karibu na jiji kuliko tulivyokusudia, na una hospitali yake na kelele zake. Nyumba ni ndogo kuliko ile tuliyoiota, ingawa watoto watapata chumba kila mmoja, vyumba ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kodi hatujaokoa kiasi tulichotarajia. Ukiongeza nauli, tunaokoa kidogo sana. Wanaotuuliza kwa nini basi tunahangaika kuhama, nawaambia shule iko mwisho wa mtaa na barabara ina kivuko.

Mama yangu anaona tumehama nusu. Huenda ana haki. Nikiangalia picha za ule mji wa mtoni, na bado naziangalia, sina hakika kwamba watoto wasingekuwa na furaha zaidi kule, na mimi nikiwa njiani. Sijapata kipimo cha kulinganisha mto na mama anayefika kwa nusu saa.

Mume wangu amepata tawi lililo karibu. Mimi bado nasubiri jibu, na kwa sasa yeye ndiye jina la kwanza kwenye fomu ya shule, mahali palipoandikwa mtu wa kupigiwa simu. Mwalimu aliyeipokea fomu aliuliza mara mbili kama hatujakosea.

Tumepanga, hatujanunua. Nilisisitiza tupitishe mwaka mzima wa shule kwanza, na mvua zake, treni zake zilizofutwa na homa zake, kabla ya kufunga pesa yetu kwenye kuta. Tulikubaliana tusizungumzie kununua mpaka mwaka huo uishe. Jana nimemkuta kwenye simu anaangalia viwanja.